Angelina na Mlango wa Kwenye Filamu

Shemeji yangu Angelina anauza mtama sokoni Majengo. Kila Jumapili akitoka kanisani huingia kibanda umiza kutazama filamu za kutisha, na hana subira na wahusika. "Mjinga wewe! Umesikia kishindo, bado unafungua mlango?" Kibanda kizima hucheka.

Mwishoni mwa mwaka jana bei ilipopanda aliuza mtama wote, hata ule wa kilindoni, ghala la nyumbani, akiba ambayo sisi Wagogo hatuigusi mpaka mvua zishike. Nilimwambia huo ni wazimu. Akanijibu, "Shemeji, acha uoga. Bei hii hairudi."

Sasa ni Januari, na mbegu zimekaukia ardhini. Jumapili iliyopita, mwanamke wa kwenye filamu alipokaribia mlango, watu walimgeukia Angelina wakisubiri. Hakusema kitu.

Mlango ukafunguliwa.