Uzi wa Mama Yake Kusuma

Siku ile naikumbuka, mwanangu, kuliko hata siku ya harusi yangu, na harusi yangu wageni walijaa mpaka barabarani. Ilikuwa mkesha wa Idi, hapa hapa Maskati, kwenye duka la kushona la bibi yangu kule Hamriya. Nilikuwa na miaka ishirini, nna mdomo na nna haraka. Sijui kitu, nami najiona fundi. Cheka tu, hata mimi nacheka.

Tulikuwa mafundi wawili, mimi na Kusuma. Kusuma katoka Sri Lanka, mtu wa dini ya Buddha, mkubwa kwangu kwa miaka kama kumi. Kiswahili alikiokota mle dukani, Kiarabu sokoni, na alipokwama alimalizia kwa kicheko, ukamwelewa tu. Katika mtoto wa meza yake aliweka uzi mweupe wa pamba, umezungushwa kwenye kijiti na kufungwa ndani ya leso. Hakuutumia hata siku moja. Mimi nikasema moyoni, mchoyo huyu!

Basi jioni ile uzi mweupe ukatuishia, na maduka ya uzi yameshafungwa. Zimebaki kanzu tatu za watoto wa mama mmoja wa mtaa wa Wattaya, zinangoja kupindwa chini kwa mkono. Kusuma katoka kupeleka nguo za watu. Nikafungua mtoto wa meza, nikautoa ule uzi, nikapinda kanzu zote tatu mpaka kijiti kikabaki kitupu. Mwenye kanzu akaja, akazichukua, akaniombea dua kwa kazi nzuri. Haraka haraka haina baraka, msemo huo naujua tangu nanyonya, lakini kusikia ni kitu kingine na kusikiliza ni kitu kingine.

Kusuma aliporudi akakiona kijiti mezani. Hakupiga kelele, bora angepiga. Alikaa sakafuni, akakishika kwa mikono miwili, na huku bibi anasikia akatueleza. Kwao pana mlima mtakatifu, watu huenda kuuzuru kutoka kila pembe ya nchi. Njiani huoga kwenye mto wa maji baridi, kisha hufika mahali ambapo, kwa imani yao, Buddha alikaa akashona joho lake lililochanika. Anayepanda mara ya kwanza hutundika pale sindano yenye uzi, na uzi ule huuachia taratibu mkononi huku akipanda, mpaka uishe. Mama yake aliweka nadhiri ya kupanda mlima huo, maradhi yakamlaza. Akauzungusha uzi kwa mkono wake mwenyewe, akampelekea mwanawe huku Maskati, na haukupita muda akafariki. Kusuma alikuwa na safari siku ya tatu ya Idi, aende akaupande kwa niaba yake.

"Mama miguu hapana tena," akaniambia. "Uzi huu ndio miguu yake."

Nami, Mwenyezi Mungu anisamehe, nikajibu, "Ah, Kusuma, uzi tu huo! Ntakununulia mwingine, mzuri zaidi."

Bibi akavua miwani. Ukimwona bibi anavua miwani, ujue umekwisha.

"Lile dumu langu la zamzam kabatini," akasema polepole, "mtu akilichukua akachemshia viazi, akakwambia maji tu hayo, ntakuletea madumu mawili, utamfanyaje?"

"Lakini bibi, hii si dini ye—"

"Nimekuuliza dini mimi? Nakwambia habari ya mama wa mtu! Inuka uende Wattaya."

Nikaenda. Njia nzima naomba nisiwakute nyumbani, nikawakuta. Watoto wameshavaa, wanazunguka sebuleni kwa kujiona, na yule mdogo keshafutia vidole vya halua kwenye upindo. Mama mtu akanikazia macho: "Unakuja kuwavua watoto wangu kanzu mkesha wa Idi? Una wazimu wewe?" Nikamweleza kweli yote, nna aibu natamani ardhi inimeze. Akasema, "Subhanallah, uzi wa maiti!" akawaita wanawe mmoja mmoja, akawavua.

Tukakaa mkekani, mimi na yeye, tukafumua mshono kwa mshono. Nikimaliza kanzu moja, yeye anaipinda upya kwa uzi kutoka kikopo chake mwenyewe. Wanasema maji yakimwagika hayazoleki, nami nashukuru kwamba yale hayakuwa maji. Vipande nikaviunga kwa mafundo, mafundo kumi na manne, na kipande kimoja kina rangi ya halua, haikutoka hata nilipokiosha.

Kusuma akaupokea. Akayahesabu mafundo kwa kidole, akaufunga ndani ya leso yake, akasafiri. Kama kanisamehe au la, sikujua. Idi ile sikuionja, mwanangu. Mwezi mzima nilikuwa nashona huku namtazamia mlangoni.

Akarudi. Akaketi kwenye cherehani yake, akatunga sindano, ndipo akanambia. Alipanda. Alitundika sindano. Kule kileleni pana kengele, mtu huipiga kwa idadi ya mara alizopanda, naye akaipiga mara moja.

"Uzi ulitosha?" nikamuuliza.

"Ulitosha. Uzi mzima ukipita mkononi, naomba mama. Fundo likipita, naomba wewe."

Wallahi nililia mpaka nikalowesha nguo ya mteja. Mara kumi na nne ananiombea, mimi niliyemkatia uzi wa mama yake!

Bibi kaondoka duniani, Kusuma karudi kwao, na mimi mpaka leo nawashukuru: mmoja kwa kunivulia miwani, mmoja kwa mafundo yake. Sasa sikiliza. Jana nilikuona unataka kuibandua ile karatasi ya sala aliyoibandika dada wa kazi jikoni, yule binti wa Uganda, ati inaharibu ukuta. Iache. Usilolijua ni usiku wa giza, na kuuliza si ujinga. Kabla hujagusa kitu cha mtu, muulize nani alimpa. Ukishakosea, usimwambie ntakununulia kingine; nenda mwenyewe, ona aibu, ufumue mshono kwa mshono. Dini yako haipungui hata chembe kwa kuiheshimu nadhiri ya mwenzio.

Mungu akupe mkono mwepesi wa kushona na mzito wa kuchukua cha watu. Na siku utakapokata uzi wa mtu, maana utakata, sote tunakata, akupe wa kukwambia inuka, na akupe wa kukuombea kila fundo linapopita. Amin.