Mama Ghala na Divai ya Miaka Isiyosifiwa

Ni asubuhi. Huko juu vyombo vya kifungua kinywa bado vinagongana, na huku chini, kwenye ghala la divai la hoteli, Mama Ghala ameinama juu ya meza kama mtu anayetia uzi kwenye sindano. Mkono wa kulia umeshika chupa nyeusi, wa kushoto jagi la kioo. Chini ya shingo ya chupa amelaza simu chali, tochi yake ikimulika juu.

Divai inatoka kama uzi. Si nyekundu tena. Imefifia kama tofali lililonyeshewa miaka mingi.

"Ukinisemesha sasa hivi nitakujibu kesho," anasema bila kugeuka.

Anachokivizia ni mashapo, ule unga mzito unaojijenga ndani ya chupa iliyolala muda mrefu. Ukimimina kwa pupa, unaporomokea kwenye jagi na kinywaji kinakuwa kama maji ya mto uliofurika. Leo hakitakiwi kuchafuka hata kidogo. Saa tano meneja atashuka kuonja. Asiporidhika, rafu nzima ya divai hii ya porto, divai tamu na nzito ya Ureno, itapelekwa jikoni ikapikiwe mchuzi wa nyama, ghala litajazwa viti, na Mama Ghala atarudishwa dobini alikotoka.

Dobini anapajua. Alifua mashuka huko miaka kumi na moja, katikati ya mvuke na sabuni, mpaka kifua kikaanza kupiga filimbi. "Nilikuwa nalala nimekaa," anasema. "Mume wangu akaniuliza, hivi mimi nimeoa mke au nimeoa birika?" Anacheka, na kicheko kinaishia kwenye kikohozi.

Daktari alimwambia atafute kazi ya hewa baridi. Hotelini hewa baridi ipo sehemu mbili, kwenye friji la nyama na ghalani. Akaomba ghala.

Hakuwa anajua lolote kuhusu divai. Aliyemfundisha ni mhudumu mkongwe wa mezani ambaye wote humwita Mzee Trei, mtu mwenye miguu iliyovimba na mdomo usiochoka. Divai ya porto iliyozeeka ikishafunguliwa haikai. Ladha yake huanza kuondoka kama mgeni asiyeaga. Kwa hiyo kinachobaki kwenye jagi leo, kesho mchana ni halali ya wafanyakazi. Wawili hao huvua viatu, hukaa juu ya makreti, hugawana kipande cha jibini kavu, na kila mmoja hupata glasi ndogo.

"Yale ndiyo mapumziko yangu," anasema. "Unaipeleka puani kwanza. Inanukia zabibu kavu, inanukia lozi, halafu kwa mbali kama kabati la bibi lililofungwa siku nyingi. Ukiinywa haikusukumi. Inakaa na wewe."

Nyingi ya chupa zilizo kwenye rafu yake ni za miaka ambayo haikupata sifa. Kwa divai hii, mwaka ukiwa na jua zuri hutangazwa, na chupa zake hutafutwa kwa mbio. Mwaka wa mvua za ovyo hupita kimya. Wageni wanaojua majina huiruka rafu hiyo kama wanavyoruka dimbwi.

Mama Ghala ameonja mabaki ya aina zote mbili, na ana maoni yake. "Ile ya mwaka mkubwa ni nzuri, sikatai. Ila ina nguvu, bado inagombana na watu. Itahitaji miaka mingine mingi ndiyo itulie, na mimi sina hiyo miaka. Hii isiyosifiwa imeshakua, imeshasamehe watu. Mtu uliyechoka, unataka mgomvi wa nini?"

Majirani humcheka. Humuuliza inakuwaje mama mtu mzima analinda pombe. Huwajibu kwamba yeye halindi pombe, analinda usingizi.

Na usingizi huo ndio ulioingiliwa. Miezi michache iliyopita alipewa likizo ya kumuuguza mumewe, seremala aliyeumia mgongo akibeba kabati. Nyuma yake akaletwa msichana wa usafi, mchapakazi hasa. Msichana akakuta chupa zimejaa vumbi, na juu ya kila moja kuna doa la chokaa. Akaona aibu kwa niaba ya hoteli. Akachukua ndoo na sabuni, akaziosha zote, akayasugua yale madoa, akazigeuza lebo zitazame juu, zipendeze.

Doa lile la chokaa ndilo huonyesha upande gani wa chupa umekaa juu miaka yote, ili mashapo yasitikiswe. Likifutika na chupa ikageuzwa, kila kitu kilichotulia kinaamka.

Chupa ya kwanza kupelekwa mezani baada ya hapo ilitoka matope matupu. Mgeni akairudisha, akasema maneno, na maneno yakafika kwa meneja.

Tangu siku hiyo yule msichana anaitwa Ng'arisha. Leo naye yupo ghalani, amesimama karibu na mlango kando ya Mzee Trei, mikono nyuma.

"Mama, mimi niliona buibui," anajitetea tena, ingawa hakuna aliyemuuliza. "Hoteli kubwa hivi, buibui!"

"Mwanangu, yule buibui alikuwa mwajiriwa. Wewe ukamfukuza kazi."

Ng'arisha anacheka huku machozi yanamlengalenga. Mama Ghala hakumshtaki. Alimwambia meneja ampe muda, akazilaza chupa upya, akapiga madoa mapya ya chokaa, akakataza mtu kuzigusa. Kisha akangoja wiki baada ya wiki, asijue kama zimetulia au zimeharibika moja kwa moja. Hakuna njia ya kujua ila kufungua.

Sasa mashapo yanaonekana. Mstari mweusi unajongea kwenye shingo ya chupa, taratibu, kama siafu. Mama Ghala anainua chupa. Anashika jagi juu ya mwanga. Divai ni safi kama chai ya rangi.

Analiweka jagi mezani na kukaa.

Meneja anashuka akipiga miayo, shati limeshika jasho. Ni kijana, ila macho yake yana wino chini. "Mama, nina dakika tano," anasema. "Na mimi nina wakubwa wangu."

Mama Ghala anammiminia. Anakunywa akiwa amesimama. Kisha anavuta kreti, anakaa, jambo ambalo Mzee Trei anasema hajawahi kuliona.

"Hii ndiyo ya ule mwaka mbovu?"

"Ndiyo hiyo, bosi."

"Mbona imetulia hivi?" Ananyoosha glasi iongezwe. Dakika tano zinapita, na nyingine juu yake. Anaegemea ukuta, anafumba macho, na kwa muda hakuna mtu anayemhitaji.

Hatimaye anatoa hukumu. Rafu itabaki. Divai itauzwa kwa glasi baada ya chakula cha mchana, bila makelele. Lakini dobini watu hawatoshi, kwa hiyo Mama Ghala atakwenda huko asubuhi tatu kwa wiki. "Ndicho ninachoweza, mama yangu."

Akishaondoka, Mzee Trei anaguna. Mama Ghala anasugua kifua chake kwa kiganja. "Heri nusu shari kuliko shari kamili," anasema. Anamgeukia Ng'arisha. "Hizo asubuhi tatu ghala ni lako. Chokaa hii hapa. Ukiona buibui, msalimie."

Msichana anaitikia, "Sawa, mama," na kulipokea kopo la chokaa kwa mikono miwili.

Mama Ghala amebakiza miaka minne kustaafu. Akiulizwa anatarajia nini, hataji nyumba wala biashara. Anasema siku hiyo ataingia kwa mlango wa mbele, amevaa gauni, mumewe kamshika mkono. Atakaa meza ya dirishani na kuagiza chupa ya mwaka wowote ambao haukupigiwa vigelegele.

"Nimemimina vya kutosha," anasema. "Nataka na mimi nimiminiwe. Na nitakunywa polepole, mpaka achoke mhudumu."