Mchoraji wa Hakimu wa Nyota

Jirani yetu, karani wa stoo ya mgodi, alikuwa na vidole vyeusi kwa wino hata siku ya Jumapili. Jioni aliketi mlangoni akichora vitabu vya katuni, na watu wa mtaa waliviazimana mpaka kurasa zikachakaa. Ndani yake mlikuwa na Hakimu mmoja, mkubwa kuliko milima, amevaa shaba tupu, anayesimama juu ya dunia moja baada ya nyingine na kuamua ipi iishi. Alipomchora alitamka maneno ya Hakimu kwa sauti nzito, kisha akakohoa kwa aibu.

Mwaka 1993 Wakasai, watu wenye asili ya mkoa wa Kasai, walipofukuzwa hapa Kolwezi, Kongo, naye alifukuzwa kwa kuwa wazazi wake walitoka huko, ingawa yeye alizaliwa papa hapa. Mimi, ambaye hakuna aliyenifukuza, nilimpelekea unga stesheni, ambako maelfu walilala chini wiki nzima wakingoja treni. Nilimkuta anachora juu ya goti. Kando yake alikaa Mama Ndaya, aliyemzika mwanawe asubuhi ile nyuma ya reli. Mama yule alikitazama kitabu, akamwita jirani yetu Tata, yaani baba kwa lugha yao, akamwuliza:

"Tata, huyu Juge wako, huyu Hakimu, anatuona?"

"Anatuona, mama. Nilimupatia macho makubwa."

"Sasa juu ya nini ananyamaza, sababu gani?"

Jirani akafunua kurasa kurudi nyuma, moja moja, akipapasa pande za kila kichwa cha Hakimu kwa kidole.

"Unisamehe, mama," akasema. "Miaka yote hii, masikio sikumutiaka."