Mosi wa Machicha ya Kahawa

Mama mkubwa Mosi, dada yake mama yangu Hidaya, hakununua kahawa maishani mwake, wala sijui kama aliipenda. Chake kilikuwa machicha. Alikuwa mjane wa Kinole, na zamani za Mdachi alishuka Morogoro kupika na kufua kwa mzungu mmoja mwenye shamba la mpira. Nyumba ile ilikunywa kahawa asubuhi, mchana na jioni, na yaliyobaki kwenye chujio yalikuwa halali ya Mosi.

Aliyaanika kwenye ungo mpaka yakakauka. Aliyasugulia masufuria, masizi yakatoka. Alijisugua nayo mikono akishaparua samaki, harufu ikaisha. Aliyachanganya na majivu akazungushia miche ya mboga, konokono wasivuke. Mengine aliyachoma kwenye kigae, moshi ukafukuza mbu. Leo wajukuu zake wananunua kopo la kuulia mbu, kopo la kuondoa harufu na unga wa kusugulia, na bado nyumba zao zinanuka. Nikisema, naambiwa wakati umepita.

Zaidi ya yote ilikuwa rangi. Mosi alitokosa machicha kwenye chungu, akatumbukiza jembe bovu lenye kutu, akawa anaonja maji yale kwa ncha ya ulimi. Ulimi ukishikwa kwa namna anayoijua yeye, alilitoa jembe na kuzamisha shuka jeupe kuukuu la merikani lenye madoa. Lilitoka na rangi ya udongo mkavu, doa hulioni.

Binti yake Chausiku wakati huo alikuwa mwali, yuko ndani. Si mwali wa sasa, wa kufungiwa Ijumaa na kutolewa Jumapili kwa kelele za spika. Chausiku alikaa gizani kwa bibi yake Kinole mwaka mzima, haoni mwanamume wala jua. Siku ya kutoka, mama ndiye wa kusimama mlangoni. Katika ukoo wetu aliyempokea mwali ndiye mama yake kuanzia hapo: ataulizwa yeye binti akiposwa, ataitwa yeye binti akijifungua. Mosi alikuwa ameshamwomba mzungu wake ruhusa ya siku hiyo mapema.

Vita vikaja. Meli za nguo hazikufika tena, askari wakashonewa sare za kitambaa cheupe, na mtu mwenye nguo nyeupe porini anaonekana kutoka mbali. Bibi wa Kizungu aliona nguo ya Mosi kwenye kamba, akamwambia mumewe, naye akawaambia wenye vita. Kesho yake Mosi alipelekwa kwenye ua wa mabati karibu na stesheni. Mapipa manane, mlango mmoja, askari mlangoni. Machicha yaliletwa kwa magunia kutoka kila nyumba ya Kizungu, na magome ya miti ya kuongezea. Aliambiwa ni wiki mbili.

Alipewa wanawake sita awafundishe, na hapo ndipo alipokosea. Aliwafundisha kutokosa, kukoroga na kuanika, ila chuma chenye kutu alikifunga kwenye kitambaa, akakitumbukiza wenzake wakiwa wamegeuka. Alilelewa hivyo, kwamba maarifa ya mama yako humpi mtu baki. Tena alidhani kwa ajili ya siri hiyo atabembelezwa. Hakubembelezwa. Pipa ambalo hakuligusa yeye lilitoa nguo ya manjano inayochuja mvuani, na wiki mbili zikawa miezi minne.

Maneno, mdogo wa kiume wa Mosi na Hidaya, mjomba wa mwali, alileta habari kwamba Chausiku atatolewa mwezi ukiandama. Mosi akamwendea msimamizi wa ua ule.

"Akipatikana atakayetoa rangi kama yako," alijibiwa, "siku hiyohiyo nenda kwenu."

Mosi alimshika mkono Shamsia, aliyekuwa mwepesi wa kujifunza kuliko wenzake.

"Njoo nikuonyeshe kinachoishika rangi."

Shamsia alijinasua. "Dada Mosi, usinionyeshe! Nikijua mimi, wewe utatoka, na mimi nitazeekea hapa. Nina watoto Mikese."

"Siku saba tu, mwenzangu. Halafu nawe umfundishe mwingine."

"Nani? Pili?"

Pili, aliyekuwa akikoroga pipa la jirani, aliziba masikio kwa mikono iliyojaa rangi mpaka viwikoni. "Mimi kiziwi! Tangu nazaliwa sisikii!"

Wakacheka wote, hata Mosi. Kisha Pili akasema bila kucheka, "Tulipokuuliza ulituona wezi. Sasa kaa na uchawi wako."

Basi Mosi akamwambia msimamizi mwenyewe: ni kutu. Msimamizi akajaza misumari na vipande vya reli katika mapipa yote manane. Nguo zikatoka nyeusi, zikachanika kama majani makavu ya mgomba, maana kuonja hakujua. Akasema mwanamke huyu amefanya hila, akaamuru asitoke tena hata kwenda mtoni.

Mwezi ukaandama. Maneno alirudi, akasimama nje ya mabati.

"Dada, wazee wanasema mlango hautafunguliwa bila wewe au neno lako. Tungoje?"

"Mtoto hajambo?"

"Anakohoa. Ukuta ule umelowa mvua. Kila siku anauliza kama umefika."

Wangengoja, Mosi angebaki kuwa mama, na Chausiku angekaa gizani mpaka vita viishe. Askari akagonga bati kwa kitako cha bunduki.

"Hidaya ampokee," alisema Mosi.

"Unajua maana yake, dada?"

"Wewe Maneno ndiye wa kunifundisha mila? Nenda. Mwambie Hidaya amtoe alfajiri, jua halijapanda. Mwaka mzima hajaliona, litamuumiza macho."