Chale za Shaba

Mama alinipigia simu kila Jumapili baada ya ibada, tangu nikiwa chuoni Columbus hadi nilipohamia Buffalo kufanya kazi katika jumba la makumbusho. Kabla ya kukata aliniombea. Buffalo sikuwa na rafiki, na wiki nyingine sauti yake ndiyo pekee iliyotaja jina langu.

Jumapili moja aliniuliza, kwa kuwa akina mama wa kanisa lao kule Louisville walikuwa wamemwuliza yeye, akianza na Kifaransa chake kama kawaida:

"Bon, ile kazi yako ni ya kufanya nini?"

Nilikuwa natunza picha za dini zilizochapwa Ulaya mwishoni mwa zama za kati. Niliyoipenda zaidi ilimwonyesha Maria akisoma, malaika akiingia bila kubisha hodi. Nikataka kumweleza vizuri. Tatizo ni kwamba Kiswahili chetu cha nyumbani kinajua kuchora, lakini kuchora kwa kukata sikukujulia neno. Nikachukua lililokuwa karibu.

"Fundi wa picha ya Maria alichanja chale kwenye bamba la shaba, Mama. Akapaka weusi, akapangusa, weusi ukabaki ndani ya chale tu. Akikandamiza karatasi yenye unyevu, picha inatoka."

Nikasikia sufuria ikifunikwa.

"Chale? Na dawa nyeusi juu?"

"Si dawa, ni wino."

"Nilikulea ndani ya Yesu. Diplome ya chuo njo ilikupeleka kwa waganga?"

Akakata bila kuniombea.

Jumapili iliyofuata hakupiga. Nilijiambia ibada imechelewa. Kisha nikafikiri labda kanisa zima linafunga kwa ajili yangu. Nikaandika "Mama, habari," nikafuta, ilionekana baridi. Nikaandika maelezo marefu, nikafuta, yalionekana ya mtu mwenye hatia.

Kesho yake kazini niliinamia picha ile na kioo cha kukuzia. Kivuli chote chini ya bawa la malaika kilikuwa mikato tu, myembamba, imepishana. Nikaikumbuka mikono ya Mama. Kwenye kifundo cha mkono wa kushoto ana mistari miwili mifupi, myeusi, ambayo huifunika kwa saa akienda kanisani. Utotoni niliwahi kumwuliza. Alisema ni alama za zamani, akanituma maji.

Jioni, nikiwa kituo cha basi, nikampigia mimi. Sikuwa na mazoea hayo.

"Mama, zile za mkono wako, ziliuma?"

Nikasikia akivuta kiti.

"Nilikuwa mtoto. Bibi alinishika, nikalia sana." Kisha, polepole: "Na huyo fundi wako, alikuwa anachanja shaba tu?"

"Shaba tu, Mama."

"Kumbe. Na ni Maria alichora?"

"Ni Maria. Anasoma."

"Donc, basi, funga macho," akasema, kama anavyosema kila anapoanza kuomba.

Nikafunga. Nikasikia basi langu likija, likisimama, likiondoka.