Kidole cha Mzee Mashimba

Afisa wa uhamiaji pale Bariadi alikuwa kijana mstaarabu, na ndiyo maana maneno yake yalimchoma Bujiku zaidi. Aliigeuza ile fomu ya kuomba uraia, akagonga sehemu moja kwa kalamu.

"Baba, hapa anatakiwa shahidi anayekufahamu tangu ulipoingia nchini. Raia, tena awe hai." Akatabasamu. "Maana wewe Kisukuma chako kinawashinda wenyewe."

Bujiku akacheka naye, lakini kicheko kiliishia menoni.

Ulikuwa mwaka wa tisini na nne. Wanunuzi binafsi wa pamba wanaanza kupita vijijini, redio zinaimba vyama vingi, na watu wa Zagayu wanamtaka Bujiku agombee uenyekiti wa kijiji. Nani kama yeye? Miaka yote hiyo katibu wa sungusungu, walinzi wa kijiji! Hawakujua, hata mkewe Klementina hakujua, kwamba mtu wao alizaliwa Burundi, akashuka treni Malampaka akiwa na miaka saba, kashikwa mkono na baba yake aliyekuwa akitafuta kibarua cha pamba. Waliowapokea walikwisha kufa wote, akabaki mmoja, Mzee Mashimba. Na huyo, jamani, ndiye ambaye Bujiku hakuweza kumtazama usoni.

Miaka minane nyuma mwano, yowe la kuita watu, ulipigwa, ng'ombe wameibiwa. Mwano ukilia, kila mwanamume anatoka. Mashimba hakutoka. Mkewe Nyamizi alikuwa hoi kwa homa, hana wa kumwachia. Mkutano haukutaka kusikia. Wakamtenga miezi mitatu: asisalimiwe, asipewe maji, asipewe moto. Bujiku ndiye aliyeandika jina lake daftarini. Tena angeishia hapo! Kwa kutaka kuonekana mwenyeji kuliko wenyeji, akasimama na kupaza sauti:

"Asiyetaka mila zetu arudi alikotoka!"

Watu wakapiga makofi. Mashimba alimtazama tu, kisha akaenda zake.

Sasa fomu ililala chini ya godoro siku tatu. Ya nne, asubuhi, Bujiku akaazima kidau cha wino kwa karani wa kata, akaenda kwa Mashimba.

"Mwangaluka, baba."

"Mwangaluka, ng'wanawane. Karibu, mwanangu, kaa."

Nyamizi akamletea kigoda na kata ya maji. "Kunywa, katibu. Hayana sumu. Miezi mitatu tuliyafuata ng'ambo ya mto, tunayajua."

"Mama Shija, mwache mtoto," Mashimba akasema.

Mtoto! Mtu wa miaka hamsini na mitatu. Bujiku akayashika yale maji bila kuyanywa, akaeleza shida yake akiangalia miguu yake mwenyewe. Alidhani mzee atamzungusha, au atamkumbusha. Alitamani amkumbushe. Mashimba akanyoosha kidole gumba.

"Nibonyeze wapi?"

Akabonyeza. Wino ukaenea kidogo, alama ikatoka nzuri.

"Baba," Bujiku akasema, "siku ile mkutanoni ulikuwa unanijua. Kwa nini hukusema?"

"Ningesema, ungekwenda wapi?"

Basi. Akafuta kidole chake kwenye kaptura.

Bujiku alisimama, akakaa, akasimama tena. Kisha akamgeukia Nyamizi. "Mayu, naomba moto."

Mama akainama mekoni, akamchomolea kijinga kinachofuka.

Kiberiti kilikuwa mfukoni mwake, kimejaa. Akapita katikati ya kijiji na kijinga mkononi, mbele ya mashine ya kusaga ambapo watu hawakosekani. Mboje, mwenye mashine, akamdaka:

"Mwenyekiti mtarajiwa! Hata kiberiti kimekushinda?"

"Nimeomba moto kwa Mashimba, mtu niliyemnyima. Yeye ndiye aliyenipokea mimi na baba yangu tulipotoka Burundi."

Mboje akazima mashine. Mwanamke mmoja akaacha kupeta. Bujiku hakungoja, uso ulimwaka kuliko kile kijinga.

Nyumbani, Klementina alikitazama kijinga, kisha sufuria iliyokuwa ikitokota mafigani.

"Baba Jenifer, moto si upo?"

"Upo," akasema, akakiingiza chini ya sufuria pamoja na kuni nyingine. "Kaa, mama. Kaa nikuambie nilikotoka."