Ndege wa Dada Mwanaidi

Juzi mwalimu wa jiografia alileta darubini darasani, nami nikaficha mikono chini ya dawati. Nilikumbuka siku moja ya vuli, nikiwa mdogo, shule ilipotupeleka pwani kwa lori kutoka Kisarawe kutazama ndege. Tulitembea kimya kando ya mikoko, matope yakinuka kama mayai mabovu. Ndege walikuwa mbali, vidoa tu, na darubini ilikuwa moja. Dada Mwanaidi, binti wa baba mkubwa, alikuwa wa mwisho kwenye foleni, nyuma yangu.

Zamu yangu ilipofika, nikaweka darubini machoni, na kundi zima la ndege likanijia mpaka mbele ya pua. Nyumbani kazi yangu ilikuwa kuamia ndege wasile mpunga wa mama. Nikapiga kelele kama nilivyozoea: "Haaai, tokeni!"

Wote wakaruka, wakapotea.

"Unalinda mpunga gani huku baharini?" mwalimu aliyetupeleka akauliza. Wenzangu walicheka hadi wakakaa chini. Mimi nililia.

Mwanaidi akachukua darubini, akayatazama yale matope matupu kwa muda mrefu.

"Nimewaona," akasema. "Wapo wengi. Nyamaza basi."

Nikanyamaza, maana siku ile nilimwamini.